Jina Asilolitaja Evaline

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Walionena hivyo hawakumjua Evaline wa Nambis. Yeye aliyaficha mwaka mzima nyuma ya mashine ya fotokopi, katika duka la steshenari karibu na stendi ya Mbulu. Mama yake hakujua, katekista hakujua, na mwenye duka alidhani yule kijana mrefu anakuja kila mara kwa kuwa ana shughuli nyingi za ofisi. Mtu gani anatoa kopi ya kitambulisho kile kile Jumatatu, Jumatano na Ijumaa? Lakini mwenye duka alikuwa mtu wa kuangalia droo ya pesa, hakuwa mtu wa kuangalia macho ya watu.

Asubuhi ile Hermani aliingia akiwa amevaa shati lililonyooshwa kwa pasi mpaka mikono ikasimama. Evaline akajua kuna jambo.

"Eva, leo twende nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwetu, Basotu. Ukawaone wazee."

Evaline akashika ukingo wa meza, akajifanya anapanga bahasha.

"Si tulisema baada ya Pasaka?"

"Maombi ya kazi yanafungwa kesho jioni," Hermani alisema. "Na siwezi kutuma boma la mzee Arusha kabla mwenyewe hajaliona. Akija kusikia kwa watu atasema nimeuza nyumba yake."

Maombi yenyewe hayakuwa ya kawaida. Kampuni moja ya Arusha, inayotengeneza michezo ya simu na maonyesho ya makumbusho, ilikuwa inatafuta kijana wa kuchora picha zinazotembea. Watu wengine wangetuma barua na vyeti. Hermani alisema hawezi kushindana kwa vyeti, maana vyeti vyake vilikuwa vichache na vya kawaida, kwa hiyo atawatumia nyumba aliyozaliwa. Alikuwa ametengeneza kadi ndogo inayoenea kiganjani. Juu yake Evaline alikuwa amechora kwa wino mweusi uzio wa miiba, ng'ombe mmoja na Mlima Hanang kwa nyuma. Ukiiangalia kwa macho ni kadi tu. Ukiielekezea kamera ya simu, boma zima linainuka juu ya kadi, pale pale mezani kwako: nyumba zinasimama, moshi unatoka, ng'ombe wanageuza shingo, mama anakamua maziwa, na sauti ya msichana inakukaribisha. Wataalamu wanauita uhalisia ulioongezwa. Evaline aliuita "ile kadi yako inayosimama".

Na sauti ya yule msichana ilikuwa yake.

"Basi ngoja nikupe kadi nzuri," alisema, akatoa bahasha kwenye mtoto wa meza. "Nimeitengeneza jana. Nikaipitisha na kwenye leminesheni."

Hermani akaipokea, akaielekezea simu. Akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia. Hakuna kilichoinuka.

"Vipi?" Evaline akauliza.

"Inang'aa. Kamera haioni mchoro, inaona taa yenu ya darini tu."

"Lakini kitu cha heshima lazima kipite kwenye leminesheni!"

Huo ulikuwa ukweli wa Mbulu. Cheti cha ubatizo, picha ya marehemu, kadi ya kwaya, vyote vilifungwa kwenye plastiki, na yeye ndiye aliyevifunga. Hermani alicheka mpaka akaegemea mlango. Evaline naye akacheka, akatoa kadi nyingine kwenye karatasi ngumu isiyo na mng'aro, na alipompa vidole vyao vikakutana vikasahau kuachana. Mteja akakohoa. Walikuwa wamemsahau kabisa.

Tusidanganyane, pande zote mbili kulikuwa na maneno. Huko Nambis, Philomena, mama yake Evaline, siku za karibuni alikuwa ameanza kusikia fununu. "Mwanangu, wale ni watu wa kufuata nyasi," alimwambia. "Leo yuko hapa, mvua ikigoma ameshahama." Halafu akaongeza lile neno la zamani ambalo watu wa mlimani Mbulu waliwaitia wafugaji wa Hanang wakati wa kuibiana ng'ombe, neno ambalo hatuliandiki hapa, na Evaline akamwomba asiliseme tena. Huko Basotu, baba yake Hermani naye alikuwa na lake. "Mabinti wa Mbulu ni wazuri na wanajua kulima," alikuwa amemwambia mwanawe. "Lakini hawajafundishwa kunyamaza. Ataniita jina langu uani kama mtu anayeita mbuzi."

Hermani alimsimulia hayo kama kichekesho. Evaline hakucheka, na Hermani hakuona kwamba hakucheka. Alikuwa kijana mwema, mwerevu, mwenye mikono myepesi kwenye simu, lakini kuna vitu vilimpita mbele ya pua.

Walipanda basi la Haydom. Njia nzima Evaline alikaa dirishani na begi lake mapajani, na alichokuwa akikifikiria ni kile alichokifanya kwenye chumba cha kuhifadhia karatasi.

Mambo yalikuwa hivi. Mara ya kwanza waliporekodi sauti, Evaline alisoma maneno yote kama Hermani alivyoyaandika: "Karibu. Hapa ni Hanang, upande wa Basotu. Hili ni boma la mzee Gidamowsa." Tunaliandika jina hilo hapa mara hii moja tu. Wakati ule Evaline alilitaja bila wasiwasi, lilikuwa jina la mtu asiyemjua. Bahati mbaya mvua ikaanza kupiga bati na maneno mengine yote yakaharibika, wakaahirisha.

Kabla hawajarudia, Fausta akaja Mbulu. Fausta alikuwa mke wa Joseph, kaka yake Hermani, na alikuwa amemleta mtoto hospitali. Hermani akampeleka kwa Evaline, naye akamkaribisha chumbani kwake. Kesho yake walikwenda pamoja, na muuguzi alipokuwa anaandika kadi akauliza jina la mtoto, Fausta akasema. Akauliza jina la baba, akasema. Akauliza jina la babu. Fausta akatazama sakafu.

"Mama, jina la babu yake. La tatu."

Kimya. Muuguzi akadhani hajui Kiswahili, akauliza tena polepole. Fausta akamgeukia Evaline, akamnong'oneza: "Mtajie wewe. Mimi siwezi, ni baba mkwe wangu. Kwetu mke hataji jina la baba wa mume wake, tangu anaolewa mpaka anakufa. Hata neno linalofanana nalo analizunguka."

"Na mimi naweza?"

"Wewe sema tu. Wewe bado."

Evaline akalitaja, muuguzi akaandika, mambo yakaisha. Lakini lile "bado" halikuisha. Lilikaa naye jikoni, likakaa naye kanisani, likalala naye. Fausta hakusema "wewe si wetu". Alisema bado.

Kwa hiyo siku waliporudia kurekodi, wakiwa wamejifungia kati ya maboksi ya karatasi ili kelele za stendi zisiingie, Evaline alisoma vizuri mpaka alipofika kwenye jina. Pale akanyamaza. Akavuta pumzi moja, kisha akaendelea: "Ingia, usiogope mbwa. Mama anakamua." Alikuwa amesema jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kumwambia mwanamume, na amelisema kwa kufunga mdomo. Akainua macho kumtazama Hermani. Hermani alikuwa na spika masikioni, anaangalia mistari ya sauti kwenye simu.

"Safi sana," alisema. "Mara hii mvua haijatuingilia."

Evaline akajipa moyo. Atasikiliza nyumbani, alijiambia. Yeye ni mtoto wa kule, atajua.

Sasa, ndani ya basi, akaamua kuuliza.

"Umeisikiliza ile sauti?"

"Mara nyingi mno."

"Ukaionaje?"

Hermani akamgeukia, akatabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja. "Iko sawa kabisa sasa. Ndiyo maana nakupeleka nyumbani."

Machozi yakamlenga Evaline, akayageuzia dirishani. Basi amesikia. Amesikia, na hili ndilo jibu lake. Mashamba ya Dongobesh yalipita na yeye hakuyaona. Kama angeulizwa siku hiyo kama kuna mwanamke mwenye furaha kumzidi kati ya Mbulu na Haydom, angesema hayupo.

Kutoka Haydom walichukua pikipiki. Walipofika, jua lilikuwa limeanza kulegea, na Mlima Hanang ulikuwa umejaa mbele yao. Mbwa wakabweka, Fausta akatoka mbio akamkumbatia Evaline, na nyuma yake akaja mama, Mama Joseph, mwembamba na mrefu, mikono imejaa bangili za shaba.

"Shikamoo mama," Evaline akasema, amepiga goti.

"Marahaba. Karibu, karibu sana. Ndiye huyu?" akamuuliza Hermani.

"Ndiye, mama."

Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango wa zizi, shuka begani, fimbo magotini. Evaline akamsogelea, akainama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Alimtazama kwa muda mrefu, hakukunja uso wala hakutabasamu. "Umetoka mlimani?"

"Ndiyo, mzee. Nambis."

"Kule kuna baridi."

"Kuna baridi sana, mzee."

"Hm," akasema mzee, na hapo mazungumzo yakaisha. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Evaline akakaa kwenye ngozi pamoja na Fausta, akapewa maziwa, akayanywa bila kuinua macho mara nyingi.

Hermani hakuweza kungoja. Aliweka kigoda kingine katikati, akaweka kadi juu yake, akawaita wote wasogee. "Baba, angalia humu kwenye simu. Usiangalie kadi, angalia kioo."

Boma likainuka juu ya kigoda.

Mama Joseph akashika mdomo. Alijiona, mdogo kama kidole, amechuchumaa chini ya ng'ombe, na maziwa yanaruka kwenye kibuyu. Akaangua kicheko cha kisichana. Akanyoosha mkono kumgusa yule ng'ombe, mkono ukapita hewani, akacheka zaidi. "Fausta, njoo uone! Huyu ni yule mwekundu wa pembe iliyopinda!" Hata mzee aliinama mbele. Akahesabu nyumba kwa kidole, akatikisa kichwa taratibu. "Mlango wa zizi umeuweka penyewe," akasema. Kutoka kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa. Evaline akamtazama Hermani, macho yao yakakutana juu ya lile boma dogo, na akaona yote aliyoyataka yanawezekana.

Ndipo sauti ikaanza. Sauti yake, nzuri, ya polepole: "Karibu. Hapa ni Hanang, upande wa Basotu. Hili ni boma la mzee..."

Na ikalitaja jina. Lote, mbele ya mwenyewe, mbele ya mkewe, uani kwake.

Kibuyu alichoshika Fausta kilisimama hewani. Mama Joseph aliacha kucheka. Simu ikaendelea kusema mbwa hawaumi na mama anakamua, na hakuna aliyekuwa anasikiliza tena. Mzee akainuka, akaokota fimbo, akaenda zake kuwapokea ng'ombe waliokuwa wanarudi. Hakugomba, na afadhali angegomba.

"Mdogo wangu," Fausta akanong'ona, "umemtaja."

"Sikumtaja," Evaline akasema. "Fausta, naapa, sikumtaja."

Lakini sauti ilikuwa yake, na kila mtu aliisikia. Akaweka kikombe chini, akatoka nje ya uzio. Hermani akamfuata, simu mkononi, amepigwa na butwaa.

"Eva, subiri. Eva! Nini kimetokea?"

"Ile sauti umeifanyaje?"

"Ipi?"

"Yangu, Hermani. Ile sauti yangu umeifanyaje?"

"Sijaifanya kitu. Nimeisafisha tu. Kulikuwa na pengo pale kwenye jina, nikadhani simu ilikata, au ulisahau. Nikachukua jina kutoka kwenye ile ya kwanza, ya siku ya mvua. Nilikaa nalo usiku kucha mpaka likaingia vizuri. Hata wewe huwezi kujua limeunganishwa."

Alisema hivyo kwa fahari kidogo, masikini. Evaline akamtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Simu haikukata," alisema taratibu. "Na mimi sikusahau."

"Sasa..."

"Nilinyamaza."

Ng'ombe walikuwa wanapita nyuma yao, vumbi likiwafunika miguu. Evaline aliona jambo lile linamwingia Hermani polepole, kutoka machoni mpaka mabegani.

"Eva. Ulinyamaza kama... kama Fausta?"

"Wewe umezaliwa hapa. Mama yako hajawahi kulitaja jina la babu yako. Fausta hajawahi. Umekua unasikia wanawake wanaruka majina kila siku, halafu mimi naruka moja tu, kwa ajili yako, na wewe unasema ni kasoro, unaziba pengo."

"Sikufikiria. Wale ni wake wa hapa, na wewe si..."

Akakomea hapo.

"Malizia," Evaline akasema.

"Sikumaanisha hivyo."

"Malizia tu, Hermani. Mimi si nani?"

Evaline alifuta macho kwa kiganja, na hasira yake ilikuwa imeshageuka kuwa uchovu. "Kwenye basi nilikuuliza umeionaje. Ukaniambia iko sawa kabisa, ndiyo maana unanipeleka nyumbani. Unajua nilivyoelewa? Nilielewa umenikubali. Nimekuja njia nzima nikijiona mke wa mtu. Kumbe nimekuja kumtukana baba yako uani kwake, na ulimi si wangu."

"Nitamwambia. Naenda sasa hivi, nitamwambia simu ndiyo imeharibu."

"Usiisingizie simu."

"Basi nitasema ni mimi."

"Utasema maneno. Mzee ameshasikia maneno ya kutosha leo." Akavuta pumzi. "Toa ulichokiweka. Aisikie kama nilivyosema mimi. Baada ya hapo akitaka nirudi Mbulu kesho asubuhi, nitarudi."

Hermani akaiangalia simu. Evaline alijua anachokiwaza. Kazi ile ilikuwa ndoto yake tangu yuko shule, na wale watu wa Arusha wangesikia sauti inasimama katikati ya sentensi, kama kazi ya fundi aliyelala. Ungemlaumu? Mtu unaomba kazi ya ufundi, unapeleka kitu chenye shimo. Hakumhimiza. Kama ni kuchagua, achague mwenyewe.

"Wataona kama kosa," Hermani akasema kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Wenzangu watapeleka vitu visivyo na doa."

"Najua, Hermani."

Akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, na shati lake lililonyooshwa. Akafungua ile sauti, akaikuza mpaka mistari ikawa mikubwa, akalitafuta jina alilolishona usiku kucha. Vidole vyake havikusita. Akalikata, akarudisha kimya mahali pake, kisha akaweka spika masikioni akasikiliza. Safari hii alisikiliza kweli. Alipofika pale kwenye pumzi, macho yakamjaa machozi.

"Unasikika ukivuta pumzi," alisema. "Nilikuwa nimeifuta na hiyo."

Evaline alimpa mkono, akamwinua.

Alichukua kadi mwenyewe. Mzee alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi, akiwahesabu ng'ombe kwa macho wakiingia. Evaline akangoja mpaka wa mwisho aingie, kisha akasogea, akapiga goti, akaiweka kadi juu ya lile gogo la kufungia mlango, mahali mwanga ulipokuwa bado upo.

"Baba," alisema, na hakusema mzee. "Naomba usikilize tena. Mara moja tu, halafu sitakusumbua."

Mzee akamtazama yeye, akamtazama Hermani nyuma yake. Hermani akainua simu, boma likainuka juu ya gogo, ng'ombe wadogo mbele ya ng'ombe wakubwa. Mama Joseph na Fausta wakawa wamesogea, wamesimama kwa mbali kidogo.

"Karibu. Hapa ni Hanang, upande wa Basotu. Hili ni boma la mzee..."

Kimya. Pumzi moja.

"Ingia, usiogope mbwa. Mama anakamua."

Mzee alisimama bila kutikisika. Ndama akalia ndani ya zizi.

"Rudia," akasema.

Hermani akarudia. Mzee alikuwa ameinamisha sikio, na kile kimya kilipofika akainua kidole juu, kama mtu anayeonyesha nyayo za mnyama ardhini.

"Hapa ananyamaza."

"Ndiyo, baba," Hermani akasema. "Alinyamaza tangu mwanzo. Jina niliweka mimi. Nililikata kwenye sauti yake ya zamani, ya kabla hajajua, nikalishona pale. Nilidhani ni kasoro."

"Wewe ulidhani kimya ni kasoro." Mzee akamtazama mwanawe kwa muda, na kwenye macho yake kulikuwa na kitu karibu na huruma. "Na wamekusomesha."

Fausta aliziba mdomo kwa kanga asicheke. Mzee akamgeukia Evaline, aliyekuwa bado amepiga goti.

"Nani alikwambia unyamaze?"

"Hakuna, baba."

"Huyu hakukwambia?"

"Huyu hakuona hata nilipofanya."

"Hm." Ilikuwa "hm" nyingine, si ile ya mwanzo. "Inuka, unachafua nguo."

Akainuka. Mzee akagonga gogo kwa fimbo. "Watu wa Arusha watajuaje boma ni la nani? Lina shimo katikati. Sipendi nyumba yangu iende na shimo."

"Nitaitoa ile sentensi, baba," Hermani akasema haraka. "Tuseme tu karibu..."

"Nimesema utoe? Washa hicho chombo chako kinase."

Hermani akawasha. Mzee akaliweka sawa shuka begani. Akasimama kama wanavyosimama wazee mkutanoni wanapotaka kusikika mpaka nyuma, akatoa jina lake, jina la baba yake na ukoo wake, kwa sauti nzito isiyo na haraka. Mama Joseph na Fausta wakatazama pembeni, kama ilivyowapasa. Evaline naye akatazama pembeni. Alipoinua macho, alikuta Mama Joseph anamwangalia, uso wote umefunguka.

Wakaiweka pale pale, wamesimama mlangoni mwa zizi. Wakaisikiliza. Msichana anakaribisha, anafika kwenye jina, ananyamaza. Mzee mwenyewe anajitaja. Msichana anaendelea kana kwamba amesubiri ruhusa. Hermani akairudia mara ya pili, akashusha simu. Alijua kazi nzuri akiiona, na hii haikuwa yake peke yake.

"Hii wakiikataa," alisema, "basi hawakunifaa."

"Wakiikubali utakwenda Arusha," Evaline akasema.

"Tutakwenda. Ukipenda. Nitakuja na wazee wangu Nambis kwa mama yako, kwa njia inayotakiwa, hata akiniita jina lolote analotaka. Eva, uliniambia jambo na mimi nikalifuta. Usinisamehe haraka. Lakini usirudi kesho asubuhi."

Evaline alimwangalia yule mwanamume wake mrefu, vumbi mpaka magotini, simu imekumbatiwa kifuani. Alimpenda mpaka ikamuuma. Hakuona sababu ya kumwambia hivyo upesi.

"Tutaona," akasema, na Hermani alimjua vya kutosha kuona kwamba amekwisha kuona.

Mzee alikuwa anafunga mlango wa zizi. Bila kugeuka akaita:

"Fausta!"

"Abee, baba."

"Huyu usimwache hivi hivi. Mimi nina kaka zangu na wadogo zangu, na baba zangu wadogo. Mfundishe majina yao yote, asije akamtaja mtu kwa kutojua."

Fausta akamtazama Mama Joseph, Mama Joseph akamtazama Fausta, wakaangua kicheko wote wawili.

"Nitamfundishaje, baba?" Fausta akasema akifuta machozi. "Na mimi siyataji!"

Mzee alisimama, akalifikiria hilo. Kisha akamnyooshea Hermani fimbo. "Basi wewe. Una ulimi mrefu, utumie kwa kazi."

Hermani akasogea mpaka bega lake likagusa la Evaline. Akainama sikioni kwake, akaanza na baba yake mkubwa, akaja kwa wanaofuata, jina kwa jina, polepole, akingoja alishike moja kabla ya kumpa jingine. Evaline aliyapokea yote, midomo ameifunga.